Kazi Isiyo na Kibati

Mume wangu alikuwa na vidole saba na aliringa navyo. Vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda na msumeno enzi za mzungu, na kila alipolewa boha alivisimulia kama mtu anayesimulia watoto wake waliosoma Tanga. Kiwandani kwetu, huko juu ya Bumbuli, mwanaume mwenye vidole kumi alihesabiwa mgeni. Kulikuwa na aliyekosa sikio kwa kuchapwa na mkanda uliokatika, kulikuwa na aliyetembea upande kwa sababu gogo la mkulo lilimviringikia, na kulikuwa na mmoja ambaye hatukumwona tena, tukazika alichoacha. Mzungu mwenye kiwanda naye alikuwa na buti lake. Ukichelewa, ulijua lilipo.

Mkono wa kushoto wa mume wangu ulikuwa mzima, na huo ndio alionipigia. Sisemi ili nionewe huruma. Mimi si mtu wa kupigwa nikalala. Alinipasua mdomo, nikampasua paji la uso kwa mwiko, na mara moja nilimrushia mchi ukampata begani, akaenda kazini siku mbili akiwa ameinama. Majirani waliacha kuja kuamua. Mchungaji alikuja mara moja, akasoma neno, akanywa chai, akaondoka upesi. Wengine nyumba zao zilinuka moshi, yetu ilinuka ugomvi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la mabati lenye injini moja ya dizeli, ya kuwashwa kwa hendeli. Injini, kwa mkanda mmoja mkubwa, ilizungusha shafti, chuma kinene kama paja la mtu, na shafti hiyo ilipita chini ya sakafu, ndani ya shimo, kutoka mwanzo wa banda hadi mwisho. Kila mashine ya juu ilipata nguvu yake huko kwa mkanda: msumeno mkubwa wa kupasulia magogo, msumeno mdogo, randa, jiwe la kunolea. Unga wote wa mbao ulidondokea humo shimoni. Kazi yetu wanawake ilikuwa kushuka asubuhi kabla ya injini, kuzoa ule unga kwa makapu na kwenda kuumwaga korongoni. Ukisimama shimoni, shafti ilikufikia kifuani. Ukilala chali chini kabisa, ilipita juu ya pua yako, na nafasi ilibaki.

Enzi za mzungu kila kitu kilikwenda kila siku kwa mpango uleule, na tuliujua kama tulivyojua Baba Yetu. Kengele inapigwa. Wanawake wanazoa. Mzee mmoja, mtu wa kwetu Mgwashi, mwenye sauti ya kuamsha wafu, anapita juu ya shimo akiita, na haondoki mpaka ajibiwe na wa mwisho ametoka. Ndipo hendeli inazungushwa, ndipo mikanda ya mashine inaingizwa, ndipo magogo yanaviringishwa. Huyo mzee hakuwa na kazi nyingine yoyote. Aliita, akajibiwa, akaenda kukaa juani. Tulimtania kwamba anakula mshahara wa jogoo.

Uhuru ulipokuja hatukuona tofauti, buti lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuja baada ya Azimio. Mzungu alifunga virago, akaja ofisa wa kutuambia kwamba kiwanda sasa ni mali yetu, tukapiga vigelegele mpaka makoo yakauma. Mume wangu akafanywa msimamizi, kwa sababu alizijua mashine zote na zote zilikuwa zimemwonja. Akanunua kofia. Nami nilijivuna, niseme kweli. Nilitembea sokoni Bumbuli nikiwa mke wa msimamizi, nikiwa na jino moja pungufu.

Haikuchukua muda mambo yakaanza kukaba. Dizeli ilikuja leo, kesho haikuja. Mkanda ukikatika, mwingine uliandikiwa Tanga, na Tanga ikaandika Dar es Salaam. Kuendesha kiwanda kizima kila siku kukawa anasa. Siku nyingine palihitajika msumeno mkubwa tu, siku nyingine randa tu, lakini watu walizoea mpango mzima, kwa hiyo kila asubuhi palizuka kelele, huyu anafanya hiki, yule anafanya kile, na mume wangu anachapa watu kwa kipande cha mkanda ili waelewe.

Ndipo akabuni vibati. Alikata madebe ya mafuta kwa mkasi wa bati, akatengeneza kibati kwa kila kazi, na kwa kuwa wengi wetu hatukusoma, alikipa kila kimoja umbo lake. Duara lenye meno lilikuwa msumeno mkubwa, na duara dogo lilikuwa msumeno mdogo. Kapu lilikuwa kuzoa. Mpini uliopinda ulikuwa kuwasha injini. Gari lilikuwa kupakia lori. Akapigilia ubao mlangoni wenye misumari iliyopangwa kwa mfuatano wa zamani, na kila asubuhi akaning'iniza vibati vya kazi za siku hiyo tu. Unapita, unatazama ubao toka juu kwenda chini, unajua. Kilichoning'inia kinafanywa. Kisichoning'inia, hata kama jana ulikifanya, leo usikiguse. Kibati cha kengele pekee alikigongelea msumari kisitoke, kwa sababu kengele ilipigwa kila siku ya Mungu.

Ulikuwa ubunifu mzuri, na mtu asinidanganye kwamba alijua tangu mwanzo utatufikisha wapi. Sote tuliupenda. Kelele ziliisha. Dizeli ilitosha wiki nzima. Hata nyumbani tulipata amani ya muda, kwa sababu alirudi akiwa amesifiwa na meneja, kijana mpole kutoka Muheza. Mume wangu akapata msemo wake mpya, akautembeza kila mahali: kazi isiyo na kibati haifanywi. Aliusema hata mezani. Nikimwomba anishikie mtoto, aliniuliza kibati kiko wapi.

Yule mzee wa kuita alikwenda kuomba kibati chake. Nilikuwepo, nikiwa na kapu kichwani. Mume wangu akamuuliza sauti ina umbo gani, akate nini, mdomo? Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Mzee naye alicheka kidogo. Akapewa kazi ya kupanga mbao, yenye kibati, na jua analolipenda likiwa mbali. Mambo yakaenda hivyo miezi kadhaa bila tatizo, kwa kuwa wanawake tulizoa haraka tukatoka kabla hendeli haijaguswa. Hakuna aliyekuwa akiita, na hakuna aliyekuwa amebaki chini wa kuitwa.

Sasa niwaambie juu ya mdogo wangu. Mama alitufia yeye akiwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamtafunia viazi, nikampiga alipoiba, nikawapiga waliompiga. Alikua msichana mrefu, mwenye mikono ya nguvu kuliko wavulana wa rika lake. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika na alikuwa na ulimi wa wembe. Mpakiaji mmoja alimshika pasipo ruhusa, naye binti akamvika kapu la unga wa mbao kichwani na kumpiga mateke mpaka akaomba msamaha kwa Kishambaa, na yule hakuwa Mshambaa. Alikuja kuishi kwetu ili azoe pamoja nami. Nilimpenda kuliko niliowazaa, na watoto wangu walilijua hilo. Kama kuna kitu nilikitaka duniani, ni huyu atoke Usambara mzima mzima akiwa na mwili wake kamili, maana kwetu nilikuwa sijamwona aliyefaulu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yalikuwa yameingia shimoni. Unga ulikuwa mzito kama udongo wa kufyatulia matofali. Ubaoni vilining'inia kengele, kapu, mpini, duara lenye meno na gari. Lori lilikuwa limekwisha fika linangoja mbao, dereva anapiga honi. Wenzetu wawili walijaza makapu yao wakatoka. Mimi nilitoka na langu kwenda korongoni, mdogo wangu akabaki kukomba kona ya mwisho, amefunga kanga yake kiunoni na nyingine amejitanda mabegani kwa baridi. Mwashaji wa injini aliangalia ubao. Kapu, wanawake wametoka, amewaona kwa macho yake. Kinachofuata ni mpini. Akazungusha.

Nilikuwa namwaga unga niliposikia injini ikikohoa na kushika. Halafu nikasikia sauti ambayo sikujua kama ni ya mtu. Nilipofika, shafti ilikuwa imeikamata ile kanga ya mabegani, ikaizungusha, ikamvuta naye, ikamzungusha mkono wa kulia kama unavyokamua nguo. Kichwa chake kilikuwa kinagonga nguzo. Niliruka shimoni. Nilimshika kiuno nikavuta na shafti ikavuta, na kwa muda tulikuwa tunagombania, mimi na kile chuma, na chuma hakikuchoka. Mtu mmoja juu akaukata mkanda mkubwa kwa shoka. Ule mkanda uliruka ukampiga dereva wa lori usoni aliyekuja kuchungulia. Tulipomtoa mdogo wangu, mkono haukutoka naye wote.

Wanaume walikimbia kutafuta godoro. Wanawake walimtafuta mume wangu. Walimkuta mlangoni, chini ya ubao wake, kofia mkononi, na wakamwangukia na vipande vya mbao. Hawa ni wanawake niliosali nao. Walimpiga mgongoni, walimpiga magotini, mmoja alimpiga usoni kwa kapu lililojaa unga mbichi. Aliyejaribu kumwokoa aling'atwa mkono. Meneja alipanda juu ya rundo la magogo na kupiga kelele kuhusu sheria. Yule mzee wa kuita alikuwa amekaa kwenye mbao zake na kulia kwa sauti yake ile kubwa, na sauti hiyo ndiyo iliyojaza banda. Mimi sikumpiga mume wangu siku hiyo. Nilikuwa nimepanda lori, nimefunga kisiki cha mkono wa mdogo wangu kwa leso yangu ya kichwani, na mikono yangu haikuwa na nafasi.

Hospitali ya misheni walimkata karibu na bega, na akapona. Nililala sakafuni kando ya kitanda chake, na kila alipoamka aliniuliza mkono umezikwa wapi. Nilimwambia nyumbani Mgwashi, chini ya mgomba wa baba. Alisema vema, basi sehemu yake imekwisha tangulia kurudi.

Mume wangu alikuja kumwona akiwa anachechemea, uso umevimba. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kupita mbele yake bila shikamoo, hata siku alizonikuta natokwa damu kwa sababu yake. Safari hii alimtazama tu. Mume wangu alisimama, akangoja, akangoja tena, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani kwa aibu. Akaondoka na ndizi zake.

Kwetu jambo kama hilo haliachwi. Kaka zangu walipanda wakiwa na mapanga, wakazuiwa njiani na baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alitaka mambo yaishe kwa sala. Upande wa mume ulileta ng'ombe na pole. Kikao kilikaliwa Jumapili baada ya ibada, palepale kiwandani, kwa kuwa uani kwetu watu wasingeenea. Wazee walisema mengi, na mengi yalikuwa mazuri. Walisema msimamizi hakukusudia. Walisema kibati si panga. Mjomba wake mume wangu alikumbusha kwamba sisi wenyewe tuliupenda ule mpango, na hakuongopa. Mwisho wakamgeukia mdogo wangu, wakamuuliza binti, moyo wako unataka nini ili upoe?

Alisimama. Mkono wa gauni ulikuwa umefungwa fundo.

“Sitaki ng'ombe,” akasema. “Shemeji ashuke shimoni, na injini iwashwe. Akae huko kama nilivyokaa mimi.”

Baba alimwambia akae chini. Hakukaa. Baba akataja msamaha, na yeye akajibu, kwa adabu kabisa, kwamba dawa ya moto ni moto, na msamaha atautafuta akishapona. Wanawake waliguna kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimekaa nao, na nilihisi kitu kikinipanda kifuani, na kilikuwa furaha. Nikakumbuka jino langu.

Nilidhani mume wangu angetukana. Alikuwa mtu wa kutukana. Lakini alivua kofia akaiweka juu ya gogo, akasema hata sasa hivi, kwani mimi ni nani, na akatembea kwenda shimoni mbele ya watu wote. Ilikuwa jeuri au ilikuwa toba, mpaka leo sijui, na kwake vitu hivyo viwili vilikaa chumba kimoja. Tulisikia akidondoka chini. Watu walidhani ni mzaha wa kuwatisha wazee, na kwamba atatoka.

Hakutoka. Wazee wakaanza kuitana pembeni. Mdogo wangu alikwenda kwa mwashaji wa injini akamwambia awashe. Mwashaji aliweka mikono nyuma, akasema yeye haui mtu Jumapili wala Jumatatu, akaondoka bandani bila kugeuka. Mdogo wangu akamwambia mwingine, naye akatazama viatu vyake. Kaka zangu wenyewe, wale wa mapanga, wakaona haya kutazamana. Mkanda mkubwa ulikuwa umekwisha shonwa na kurudishwa, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa siku ya kazi.

Akaishika hendeli mwenyewe, kwa mkono wake mmoja. Ile hendeli ilihitaji mikono miwili ya mwanaume. Aliivuta, ikapanda nusu, ikarudi ikampiga goti. Akaivuta tena, ikarudi. Jasho lilimtoka, na lile fundo la gauni lilikuwa likitikisika kila alipovuta, kama vile mkono uliozikwa nao ulitaka kusaidia. Wanaume wazima walisimama wakamwangalia. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemshika.

Akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

“Dada,” akasema, “nisaidie.”

Baba alinitaja kwa jina langu la ubatizo, ambalo hulitumia akikasirika. Mama mkwe wangu alijilaza chini njiani, na mimi nikamruka. Kutoka shimoni hakukuja neno lolote, wala kukohoa. Niliiweka mikono yangu miwili kwenye ile hendeli, juu ya mkono wake, na mkono wake ulikuwa wa moto. Tukazungusha pamoja. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili injini ikakohoa, ikashika, na sakafu yote ikaanza kutetemeka chini ya miguu ya kikao.

Tuliiacha izunguke. Mdogo wangu alisimama ukingoni akitazama chini, na uso wake ulikuwa hauna hasira tena, ulikuwa umechoka tu. Baadaye akatikisa kichwa kwamba inatosha, na baba ndiye aliyekwenda kuizima kwa mikono yake.

Mume wangu alitoka mzima. Alikuwa amelala chali, na upepo wa shafti ulikuwa umempaka unga uso mzima isipokuwa mahali machozi yalipopita. Nguo yake ya chini ilikuwa imelowa. Alipita katikati ya watu bila kofia, akaenda mtoni kuoga, na jioni akarudi nyumbani akala alichopikiwa. Siku ya pili yule mzee alirudishiwa kazi yake ya kuita.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, mimi na yeye na mdogo wangu, katika nyumba moja, na mdogo wangu alijifunza kulima kwa mkono wa kushoto. Mume wangu hakuniinulia mkono tena. Hakunisemesha sana pia. Siku moja tu, tumeshazeeka, tunakunywa chai barazani, aliniuliza kama siku ile, niliposhika hendeli, nilijua kwamba amekwisha lala chini au nilidhani bado amesimama.

Nilimwambia kweli. Sikujua, na sikutaka kujua.

Akamaliza chai yake, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani.